Kanuni ya Tabibu na Pumzi ya Mtoto

Msomaji, kati ya watu wote wanaofikishwa mlangoni pa hospitali, hakuna asiyeweza kujitetea kama mtoto mchanga. Mtu mzima aweza kusema panapouma, aweza kukataa dawa, tena aweza kuuliza kwa nini anapewa sindano hii badala ya ile. Mtoto wa mwaka mmoja hana ila kilio chake na pumzi yake. Kwa hiyo swali la insha hii ni jepesi kulitamka, bali ni zito kulijibu: tabibu akiwa amekwisha kufundishwa lililo jema kwa mtoto huyo, je, hulitenda? Na asipolitenda, upungufu uko wapi, nao waweza kuondolewa kwa njia gani?

Ili tusipotee katika maneno mengi, tushike ugonjwa mmoja na nchi moja. Nchi ya chai ya Kericho na Bomet imeinuka. Mji wa Kericho uko kadiri ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Mvua hunyesha karibu kila mwezi, na usiku baridi huingia nyumbani hata penye moto. Huko, kama katika nchi nyingine nyingi za ulimwengu, hupatikana kikohozi cha watoto kiitwacho krupu. Aghalabu humshika mtoto wa kati ya miezi sita na miaka mitatu. Mtoto hulala na mafua kidogo, kisha katikati ya usiku huamka ghafula, akakohoa kwa sauti nzito kama mbwa anayebweka. Sauti yake hukauka, na kila avutapo pumzi waweza kusikia mlio mkali wa kukwaruza.

Si baridi iletayo ugonjwa huo, bali ni virusi. Virusi hivyo huvimbisha zoloto, yaani kile kisanduku cha sauti kilicho mwanzo wa bomba la pumzi. Kwa mtu mzima uvimbe wa namna hiyo ungekuwa jambo dogo, kwa kuwa njia yake ya hewa ni pana. Kwa mtoto njia hiyo ni nyembamba, na uvimbe mdogo huziba sehemu kubwa. Watoto walio wengi hupona upesi. Wachache huzibwa pumzi kabisa, nao wasipopata msaada hufa. Basi mzazi anayembeba mtoto wake gizani, akipita kati ya mashamba ya chai kuelekea zahanati, hana habari kama wake ni mmoja wa wale wengi au wa wale wachache. Atakayemwambia ni tabibu.

Sasa tazama jinsi matabibu wenyewe walivyohangaika na ugonjwa huu. Mwaka 1765 Francis Home, tabibu wa Edinburgh huko Uskoti, alichapisha kitabu juu ya krupu, na jina hilo likaenea. Mwaka 1807 mtoto wa Louis Bonaparte, mfalme wa Uholanzi, alifariki kwa ugonjwa ulioitwa kwa jina hilo hilo. Napoleon, baba yake mkubwa, alikuwa na majeshi yaliyotetemesha Ulaya nzima, lakini hakuweza kuokoa pumzi ya mtoto mmoja wa nyumba yake. Alitangaza zawadi ya faranga 12,000 kwa atakayeandika maelezo bora ya ugonjwa huo na tiba yake. Zawadi iligawanywa kati ya matabibu wawili, Jurine wa Geneva na Albers wa Bremen, lakini watoto waliendelea kufa, kwa maana fedha ya mfalme haiwezi kununua elimu ambayo haijapatikana.

Mwaka 1826 Mfaransa Pierre Bretonneau alionyesha kwamba chini ya jina moja yalikuwa yamefichwa magonjwa mbalimbali. Lile lililoota utando kooni na kuua watoto kwa wingi lilikuwa dondakoo, naye ndiye aliyelipa jina lake la kitaalamu. Dondakoo hutokana na bakteria. Mwaka 1890 Emil von Behring na Shibasaburo Kitasato walifungua njia ya kulitibu, na baadaye ilipatikana chanjo. Leo chanjo hiyo imo katika sindano anazopewa mtoto wa Kenya akiwa na umri wa wiki 6, wiki 10 na wiki 14. Hivyo krupu ya virusi ilibaki peke yake, ikiwa imetengwa na jirani yake mkali.

Hata baada ya kutengwa, matibabu yake yaliendelea kufuata mazoea. Kwa zaidi ya miaka 100 madaktari wa Ulaya na Marekani waliamini mvuke. Nyumbani palichemshwa birika karibu na kitanda cha mtoto. Hospitalini mtoto aliwekwa ndani ya hema la ukungu. Mvuke ulisifiwa na wazee wa kazi, ukaandikwa vitabuni, ukafundishwa kwa vijana, nao vijana walipozeeka waliufundisha tena. Kwa nini ulisifiwa? Kwa sababu krupu, mara nyingi, hupungua yenyewe kabla ya jua kuchomoza. Mtoto akipata nafuu, sifa hupewa kile kilichokuwa karibu naye usiku ule. Kama lingekuwa karibu naye kopo tupu, huenda kopo nalo lingesifiwa.

Hatimaye watu waliamua kupima badala ya kusifu. Mwaka 2006 ilichapishwa habari ya jaribio lililofanywa Toronto, nchini Kanada, kwa watoto 140 wenye krupu. Baadhi yao walipewa hewa yenye unyevu mwingi na wengine unyevu mdogo. Haikuonekana tofauti ya maana kati yao. Miaka miwili kabla ya hapo, mwaka 2004, jaribio jingine la Kanada lilikuwa limewachukua watoto 720 wenye krupu nyepesi. Nusu yao walipewa mara moja tu dawa iitwayo deksamethazoni, ambayo hupunguza uvimbe. Nusu nyingine walipewa maji yasiyo na dawa, bila mtu kujua nani amepewa nini. Kati ya waliopewa dawa, kama 7 katika kila 100 walirudishwa kwa tabibu. Kati ya wasiopewa, kama 15 katika kila 100. Jambo lililokuwa limebishaniwa muda mrefu lilikatwa kwa hesabu.

Kutokana na kazi za namna hiyo ilipatikana kanuni fupi, nayo ni hii. Mtoto wa krupu asiogopeshwe, bali akae mapajani mwa mama yake, kwa sababu kilio huongeza shida ya pumzi. Asitiwe kijiti kooni kwa kutaka kuchungulia. Apimwe uzito, kisha apewe deksamethazoni mara moja kwa kadiri ya uzito huo. Kadiri iliyowekwa ni miligramu 0.6 kwa kila kilo. Ikiwa mlio wa kukwaruza wasikika hata akiwa ametulia, na kifua chake chabonyea ndani kila avutapo pumzi, basi hali ni ya hatari: alazwe, apewe oksijeni, na adrenalini iliyofanywa kuwa ukungu ili aivute. Na viuavijasumu, yaani zile dawa za kuua bakteria kama penisilini, visitolewe, kwa kuwa havina nguvu juu ya virusi.

Msomaji, kanuni hiyo ni fupi hata waweza kuiandika nyuma ya bahasha. Wala si krupu peke yake iliyoandikiwa kanuni. Mapema katika miaka ya 1980 daktari Frank Shann na wenzake, waliokuwa wakifanya kazi Papua New Guinea, walitafuta njia ya kumtambua mtoto mwenye nimonia pasipo na mashine ya eksirei. Waliona kwamba kuhesabu pumzi za mtoto na kutazama kifua chake kulitosha kumwongoza mhudumu. Shirika la Afya Duniani lilichukua elimu hiyo, likaweka mipaka inayojulikana hata leo: pumzi 50 au zaidi kwa dakika kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, na 40 au zaidi kwa mtoto wa mwaka 1 hadi asiyefikia miaka 5. Mhudumu wa zahanati ya mbali, akiwa na saa mkononi na subira ya dakika moja, akapata uwezo wa kuokoa maisha.

Turudi sasa katika nchi ya chai, tuone kanuni kama hizo zilikuta nini huko. Kampuni kubwa za chai, Brooke Bond na James Finlay, zilianza kupanda Kericho katikati ya miaka ya 1920. Wafanyakazi walikuja kutoka pande nyingi, wakakaa na jamaa zao katika kambi za mashamba, karibu na Wakipsigis wenye nchi. Palipo watu wengi kambini magonjwa hayakosi, na zahanati na hospitali za mashamba zilijengwa. Upande wa Bomet, misheni ya Tenwek ilianzishwa mwaka 1937, ikaendelea kwa kazi ya wauguzi mpaka mwaka 1959, alipofika Dk. Ernest Steury, daktari wake wa kwanza wa kukaa. Hospitali za Serikali nazo zilikua, miongoni mwao za Kericho, Kapkatet na Longisa. Bomet, iliyokuwa sehemu ya Kericho, ilifanywa wilaya ya peke yake mwaka 1992, na tangu mwaka 2013 zote mbili ni kaunti zenye kusimamia hospitali zao.

Katika habari hizo zote, liko jambo moja dogo ambalo lastahili heshima kubwa, nalo ni daftari. Hospitali ya mashamba ya chai ya Kericho ilitunza hesabu za wagonjwa wake wa malaria mwaka hata mwaka. Kwa sababu hesabu hizo zilitunzwa, wataalamu waliweza, mwaka 2000, kuchapisha habari za malaria katika mashamba hayo tangu mwaka 1965, wakaonyesha jinsi ugonjwa ulivyopanda na kushuka. Hakuna aliyeweza kukumbuka hayo kwa kichwa. Tabibu husahau, mgonjwa huhama, mzee hufa, lakini daftari husema. Shika neno hilo, kwa sababu tutalihitaji: bila maandishi huwezi kujua kama kanuni imefuatwa.

Mwaka 2004 ilichapishwa habari ya uchunguzi uliofanywa katika hospitali za wilaya 13 za Kenya. Wachunguzi walitaka kujua watoto waliolazwa walitunzwaje. Walichokiona hakikufurahisha: vitabu vya mwongozo vilikuwa haba, baadhi ya dawa na vifaa vya lazima havikuwapo, na mtoto mahututi hakutambuliwa upesi kila mahali. Basi Wizara ya Afya, pamoja na wataalamu wa watoto na wachunguzi wa KEMRI, walitunga kijitabu cha miongozo ya kutibu watoto, chenye kiasi cha kuingia mfuko wa koti. Ndani yake mna vipimo vya dawa kwa kilo, hatua za kumwokoa mtoto asiyepumua, na dalili za kutenganisha ugonjwa mzito na mwepesi.

Hapa ndipo historia inapofika penye fundisho. Watunzi wa kijitabu hawakuridhika kukigawa na kwenda zao. Walitaka kujua kama kitafuatwa. Kuanzia mwaka 2006 walichukua hospitali nane za wilaya, wakazigawa mafungu mawili, na kwa muda wa miezi 18 wakazitazama. Zote nane zilipata kijitabu. Hospitali nne zilipewa mafunzo mafupi ya siku moja na nusu, pamoja na taarifa za maandishi. Nne nyingine zilipewa mafunzo ya siku tano na nusu, fomu maalum ya kumpokea mtoto, usimamizi wa mara kwa mara, taarifa zilizosomwa uso kwa uso, na mtu mmoja wa hospitali hiyo hiyo aliyewekwa kuwakumbusha wenzake.

Mwisho wa miezi 18 walifungua majalada ya wagonjwa, wakahesabu. Katika hospitali zilizosaidiwa kwa karibu, mambo yaliyopasa kuchunguzwa kwa mtoto anapolazwa yalikuwa yametimizwa kwa kadiri ya 94 katika 100. Katika zile nyingine, kadiri ya 65 katika 100. Kwinini, iliyokuwa dawa ya malaria kali wakati ule, hutakiwa kuanzishwa kwa kipimo cha kwanza kikubwa. Hilo lilifanyika kwa watoto kama 92 katika 100 upande mmoja, na 67 upande wa pili. Watoto waliokaukiwa sana na maji kwa kuhara walipimiwa maji sawasawa kwa kadiri ya 67 katika 100 upande mmoja, na 41 upande wa pili. Kwinini ya kupita kiasi, ambayo yaweza kumdhuru mtoto, iliandikwa kwa mmoja tu katika 100 upande mmoja, na kwa saba au wanane upande wa pili.

Sikuambii kwamba vifo vilipungua kwa kiasi fulani, maana jaribio lile halikuundwa ili kupima hilo. Lakini latosha kwa swali letu. Pande zote mbili zilikuwa na kitabu kile kile, na matabibu wa shule zile zile. Kilichotofautiana ni kile kilichofanywa baada ya kitabu kufika. Basi kujua ni jambo moja, na kutenda kila siku, kwa kila mtoto, ni jambo la pili. Na kati ya hayo mawili pana bonde ambalo mtu mmoja hawezi kulivuka peke yake kwa nia njema tu.

Wewe unayekaa karibu na mashamba ya chai utalielewa jambo hili kuliko wengi. Kanuni ya kuchuma chai ni moja, nayo kila mtoto wa Kericho na Bomet anaijua: majani mawili na chipukizi. Tangu mwaka 1964 shirika la KTDA limewasimamia wakulima wadogo wa chai. Je, shirika hilo liliwaambia wakulima kanuni hiyo mara moja, likanyamaza? La. Kila siku ya kuuza, majani humwagwa kituoni, hutazamwa, na yaliyokomaa hutengwa. Kisha hupimwa kwa mizani na kuandikwa kwenye risiti. Kanuni iliyobandikwa ukutani haichumi chai. Huchumwa na kidole kinachojua kwamba kikapu kitaangaliwa. Ikiwa majani, ambayo ni bidhaa, hayaachwi bila kupimwa na kuandikwa, yawezaje mtoto kupewa dawa bila kuwekwa kwenye mizani?

Hata hivyo usikimbilie kumlaumu tabibu. Fikiri juu ya hali yake. Katika hospitali nyingi za wilaya anayempokea mtoto usiku si daktari bingwa. Ni kijana aliye katika mwaka wake wa mafunzo ya kazi, afisa tabibu au daktari mpya, naye baada ya miezi michache huhamishiwa wodi nyingine. Akianza kuzoea, anaondoka, na mgeni anachukua nafasi yake. Watoto ni wengi, taa ni moja, mizani imeharibika, oksijeni imekwisha. Kanuni isemayo "mpe oksijeni" haiwezi kufuatwa palipo na mtungi mtupu. Hapo anayevunja kanuni si yule aliyesimama kando ya kitanda, bali ni yule aliyepaswa kujaza mtungi.

Liko na jambo jingine, nalo ni gumu zaidi, kwa kuwa halitokani na umaskini. Mtoto wa krupu amefika. Amepimwa, naye hana dalili ya hatari. Tabibu ajua kwamba penisilini haitafaa kitu. Lakini mama amesafiri usiku, ana hofu, ataka kuona sindano. Tabibu naye ana hofu yake: itakuwaje kama ni ugonjwa mwingine? Kuandika dawa huchukua nusu dakika. Kueleza kwa nini haihitajiki huchukua dakika kumi. Basi huandika, na mama huenda zake ameridhika. Asubuhi mtoto amepona, na penisilini hupewa sifa ile ile iliyopewa birika la mvuke zamani. Hivyo ndivyo kosa linavyojifanya kuwa ujuzi. Hasara yake haionekani siku ile. Huonekana baadaye, bakteria wanapozoea dawa, hata siku mtoto mwingine anapougua kweli kwa bakteria, dawa hukosa nguvu. Ukaidi wa leo hulipwa na mtoto ambaye hajazaliwa.

Sasa, msomaji mwangalifu ataniuliza: ikiwa tabibu apaswa kufuata kanuni, na ikiwa mvuke nao uliwahi kuwa kanuni, tutajuaje kwamba kanuni za leo si mvuke mwingine? Ni swali la haki, na jibu lake lilitolewa katika Afrika ya Mashariki yenyewe.

Kwa miaka mingi vitabu vya tiba vilisema kwamba mtoto mwenye homa kali, ambaye damu yake haizunguki vizuri, atiwe maji mengi mshipani kwa haraka. Ilionekana ni jambo la akili, na lilifuatwa katika nchi zilizoendelea. Daktari Kathryn Maitland na wenzake walilipima katika hospitali sita: Kilifi nchini Kenya, Teule huko Muheza nchini Tanzania, na nne za Uganda, yaani Mulago, Mbale, Soroti na Lacor. Watoto 3,141 waliingizwa. Wengine walitiwa maji kwa haraka, na wengine walipewa kidogo kidogo tu. Wote waliotafiti walitazamia kwamba maji ya haraka yangeokoa. Mwaka 2011 majibu yalitangazwa, nayo yaliushtua ulimwengu wa tiba: kati ya waliotiwa maji kwa haraka, karibu 11 katika kila 100 walikufa ndani ya saa 48, kati ya wasiotiwa, 7 katika kila 100. Watoto waliokaukiwa kwa kuhara hawakuwamo katika jaribio hilo, na kanuni yao haikuguswa. Lakini kwa wale wenye homa kali, lililodhaniwa kuwa msaada lilikuwa likiua.

Baadaye ilipimwa kanuni ya nimonia. Shirika la Afya Duniani lilikuwa limekubali kwamba mtoto ambaye kifua chabonyea, lakini hana dalili nyingine za hatari, aweza kutibiwa kwa amoksilini ya kunywa badala ya sindano za penisilini. Matabibu wengi wa Kenya walisita. Wakataka ushahidi wa watoto wa kwao. Ambrose Agweyu na wenzake walilifanya jaribio hilo katika hospitali sita za Kenya, kwa watoto 527, na mwaka 2015 wakachapisha majibu. Dawa ilishindwa kwa watoto kama 8 katika kila 100, pande zote mbili sawasawa. Basi sindano nyingi zenye maumivu ziliweza kuachwa bila hasara. Toleo la mwaka 2016 la kile kijitabu lilitoka likiwa na mabadiliko hayo.

Tazama namna kusita kwao kulivyotofautiana na ukaidi. Mkaidi huivunja kanuni kimya kimya, usiku, kwa mtoto mmoja, wala haandiki. Mchunguzi huishuku kanuni hadharani, huipima kwa watoto wengi, huandika kila kitu, na huikubali hesabu hata ikimwaibisha. Wa kwanza hafundishi mtu, hata akibahatika kuwa na haki. Wa pili huufundisha ulimwengu, hata akiwa amekosea katika matazamio yake. Tena mchunguzi hawezi kufanya kazi yake palipo na wakaidi, kwa maana ikiwa kila tabibu atenda lake, hakuna awezaye kujua ni kipi kilichoponya na ni kipi kilichoua. Kanuni inayofuatwa kwa uaminifu ndiyo peke yake iwezayo kugunduliwa kuwa na makosa.

Hilo ndilo ninalotaka uondoke nalo. Kanuni ya tabibu si amri ya mkubwa, wala si desturi ya wazee. Ni mkusanyo wa yale yaliyojifunzwa kwa watoto wengi, baadhi yao waliokufa, ili yule wa leo asianze upya. Anayeipuuza kwa mazoea yake hutupa elimu iliyonunuliwa kwa bei kubwa. Anayeiabudu hata akataa kuipima hukosa kwa namna nyingine.

Baadhi yenu mtakuwa matabibu na wauguzi. Nanyi mtasimama usiku mbele ya mtoto mwenye kikohozi cha kubweka, na mama akiwatazama mikono. Mpimeni uzito. Hesabuni pumzi dakika nzima. Fanyeni lililoandikwa, kisha andikeni mlilolifanya. Baadhi yenu mtakuwa wajumbe wa bunge la kaunti, au makarani wa bohari za dawa. Kazi yenu ni mtungi wa oksijeni usiwe mtupu. Na walio wengi mtakuwa baba na mama. Msikiapo mlio wa kukwaruza katika pumzi ya mtoto, msichemshe maji mkangoja kukuche, kwa maana mvuke hautibu, na maji ya moto yamewaunguza watoto wengi. Mpelekeni hospitali. Na tabibu akiwaambia kwamba sindano haihitajiki, akakaa kitako kuwaeleza sababu, msimwone kuwa mvivu. Huenda hizo dakika kumi ndizo dawa bora atakayoitoa usiku ule.